Ndoo ya Kupimia Maumivu

Mwanangu Paskalina,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Mimi sikuulizi, kwa sababu jibu lako nalijua. Utasema "nzuri, mama," kama ulivyosema hata siku ile ulipoanguka kwenye alizeti, midomo imepauka na vumbi limekujaa usoni. Jibu hilo nimekufundisha mimi, na leo nimelichoka.

Umekwenda kwa shangazi yako kuaga, na namjua shangazi yako, hakuachii mpaka ule ushibe. Kwa hiyo nina mchana mzima. Kesho asubuhi baba yako atakupeleka kituoni Mkiwa ukapande basi la Dodoma, na mimi nitasimama hapo uani nikuambie uchunge begi lako, maana mdomo wangu ukiwa mbele yako hauna maneno mengine. Habari za begi, za chakula, za kuamka mapema na za marafiki wabaya, watu wameshakujaza masikio wiki nzima. Sizirudii. Nina jambo moja tu, nalo limenikaa kooni tangu Jumapili.

Jumapili alikuja Leah, yule binti wa jirani mwenye miaka kumi na minne. Alikuja kajishika tumbo, akakuuliza kama una kidonge. Mimi nilikuwa jikoni napepeta mtama, hukuniona. Ulimtazama kuanzia juu mpaka chini, ukamwambia, "Hilo ni la kawaida. Acha kudeka, jikaze." Kisha ukaendelea kukunja nguo zako za chuo. Mtoto wa watu alisimama pale kidogo, akasema asante, akaondoka. Asante ya nini, sijui.

Paska, ungo ulinitoka mkononi. Sauti ile haikuwa yako. Ilikuwa yangu, mpaka ile namna ya kumaliza neno na kubana midomo. Na wewe kesho unakwenda kusomea unesi. Baada ya miaka michache utakuwa umekaa kwenye kiti na sare yako nyeupe, na wasichana kama Leah watakuja mbele yako wamejishika tumbo. Naogopa kwamba watakayemkuta kwenye kiti kile ni mimi. Ndiyo maana naandika.

Ngoja basi nikuambie mimi ni nani, maana unadhani unanijua.

Pale shuleni kwenu nilianza kama mpishi. Matroni wa kwanza alipohamia Singida mjini wakaniweka mimi mahali pake, si kwa elimu, bali kwa sababu nilikuwa mkali na wasichana waliniogopa. Kila asubuhi kabla ya kwenda mstarini walikuja mlangoni kwangu, watano, sita, siku nyingine kumi. Shikamoo mama, shikamoo mama, na kila mmoja ni tumbo. Walimu walilalamika kwamba wanatega, hasa siku ya hesabu na siku ya kulima bustani. Nikaambiwa nitafute njia ya kuwachuja, nani anaumwa na nani anatega. Nikaitafuta, na nilipoipata nikajiona nina akili kuliko walimu wote wale.

Njia yenyewe ilikuwa ndoo. Anayesema tumbo linamuuma nampa ndoo ya lita ishirini, aende kwenye pampu, aijaze, aibebe mpaka jikoni. Akiifikisha, haumwi, aende darasani. Akishindwa njiani, nampa ruhusa ya zahanati. Haukupita mwezi foleni ya asubuhi ikaisha. Nilisifiwa kwenye kikao cha walimu. Baba yako alicheka akasema ningefaa kuwa askari. Wasichana waliniita Mama Ndoo wakidhani sijui. Nilijua, na nilifurahi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza yale matumbo yamekwenda wapi, imekuwaje mabinti mia moja wapone kwa mpigo mmoja kwa sababu ya ndoo ya plastiki.

Ulipokuwa kidato cha tatu ukaja na wewe. Hukuja kama mtoto wangu, ulipanga foleni nyuma ya wenzako wawili. Ilikuwa Juni, upepo wetu ule unaokata masikio, na wewe ulikuwa na jasho puani. Nililiona lile jasho. Sitaki baadaye ujisemee labda mama hakuona. Niliona, lakini nilichowaza kwanza, kabla ya kuwaza kitu kingine chochote, ni kwamba nikikupa ruhusa watasema Mama Ndoo anapendelea wa kwake. Nikakupa ndoo.

Uliifikisha. Hukumwaga hata tone. Uliitua polepole, ukanyooka, ukanitazama. Mimi nikawageukia wale wenzako nikasema kwa sauti ili na walioko dirishani wasikie, "Mmeona? Angekuwa anaumwa angeifikisha?"

Wewe ndiye uliyejibu. Ulisema, "Hapana, mama." Ukaenda darasani.

Mchana mpishi akanivuta pembeni, akaniambia ulipita kwanza nyuma ya stoo, ukatapika, ukanawa uso, ndipo ukaenda. Nikamjibu kwamba labda ni maharage ya jana.

Tangu siku ile hukuomba ruhusa tena. Nami nikageuka mtoa ushuhuda. Nilimwambia shangazi yako, niliwaambia akina mama wa jumuiya, kwamba wangu alikuwa na chango kali sana la kila mwezi, nikamkazia, likaisha. Mama mmoja alinisikiliza kwa makini, akarudi nyumbani kumkazia wa kwake. Hilo nalo liko juu ya kichwa changu. Na wewe ulikuwa umekaa pale pale kwenye mkeka, unamenya karanga, unanisikia nikieleza ulivyopona.

Sweta lako la shule lilitoboka mkono wa kushoto. Nilikuchapa kwa ajili ya sweta lile, nikasema huna huruma na jasho la baba yako. Mwaka huu nilipolikunja nimpe mtoto wa mama yako mdogo ndipo nikayatazama vizuri yale matundu. Yalikuwa ya meno. Ulikuwa unatafuna mkono wa sweta darasani ili usitoe sauti, na mimi nikakuongezea fimbo juu yake. Sikumpa mtu lile sweta. Nililichoma, kwa sababu sikuweza kulitazama wala kukuomba radhi, na kuchoma ni kazi rahisi.

Sasa hospitali. Ulipoanguka shambani wakati wa kupiga alizeti, mimi nilisema ni jua. Baba yako, mtu asiyesema maneno kumi kwa siku, ndiye aliyesema hapana, huyu anakwenda hospitali leo. Tukakutana na yule daktari mwanamke, kijana, sauti ya chini. Akakuuliza maumivu yalianza lini. Unakumbuka ulichofanya? Ulinitazama mimi kwanza. Aliulizwa Paskalina juu ya tumbo la Paskalina, naye akageuka kunitazama usoni kuona kama anaruhusiwa kuumwa. Kisha ukasema, "Siyo sana."

Daktari aliona. Aliniomba kwa adabu nikae nje kidogo. Hicho kidogo kilikaribia saa nzima, na nilikaa kwenye benchi nimekasirika, nawaza huyu msichana ananiondoa kwa mwanangu kama nani. Waliponiita ndani macho yako yalikuwa mekundu. Alinieleza kwamba huenda ni ule ugonjwa ambao nyama inayofanana na ile ya ndani ya kizazi inaota nje yake, inachubuka na kuvimba, na kwamba ni lazima upimwe zaidi kwenye hospitali kubwa Dodoma. Akasema pia kuna wanawake wanapimwa kila kitu, hakionekani chochote, na bado wanaumwa kweli. Nikamuuliza kwa kiburi changu, kwa hiyo ni ya kichwani tu. Hakukasirika. Alinijibu maneno ambayo ningeweza kuyaandika hata usingizini:

"Mama, maumivu ya miaka yanachosha akili, na akili iliyochoka inayasikia zaidi. Hilo haliyafanyi kuwa uongo. Binti yako anaanza kuogopa wiki nzima kabla siku zake hazijafika. Halali vizuri. Na ameambiwa haumwi kwa muda mrefu mpaka hajui tena kama anaumwa au anadeka."

Njiani kurudi baba yako alikaa mbele, sisi nyuma. Uliniuliza tu kama tumepitia dukani kununua chumvi. Sasa una ile karatasi ya daktari ya kwenda hospitali ya Dodoma, na nimekusikia ukimwambia baba yako utakwenda ukipata nafasi. Mimi nimetumia "nikipata nafasi" kwa miaka ishirini na tano, kwa hiyo usinidanganye kwa maneno yangu mwenyewe.

Maana tumbo hilo nami ninalo, Paska. Lilinianza nikiwa darasa la sita. Bibi yako, Mungu amrehemu, alinichemshia mizizi na kuniambia kwa Kinyaturu kwamba mwanamke wa kwetu halii kwa ajili ya tumbo, na kwamba nikizaa litaisha. Sikulia. Nikaolewa, mtoto akachelewa, watu wakaanza kunihesabia miezi. Ukaja wewe, na wote wakasema sasa limeisha. Halikuisha. Nilipomwambia mama yangu halijaisha, aliniuliza ninataka nini tena, mtoto si nimepata. Hapo ndipo nilipofunga mdomo. Nilimkasirikia bibi yako mpaka anazikwa, na aliondoka bila kujua kwa nini sikuwa namtembelea.

Wewe ulinisoma ukiwa mdogo sana. Nikijifunga khanga tumboni nikaikaza, ulikuwa unachukua kibuyu chako unahamia kwa shangazi yako. Nilikuona kama mtoto mzururaji. Ulikuwa unakimbia fimbo, kwa sababu siku zile nilipiga kwa lolote: uji ukimwagika, mlango ukigonga, ukinitazama. Hasira yangu ilikuwa na tarehe zake, na mtoto wa miaka sita alizijua kabla yangu. Watu wananiita mwanamke mwenye roho ngumu. Mimi sikuzaliwa na roho ngumu. Niliumwa kila mwezi na sikuwa na wa kumwambia, ukali ukaota juu yake.

Chumbani na baba yako nako kuliuma. Naandika hili kwa aibu, lakini naliandika, kwa sababu wewe utaolewa na hakuna atakayekuambia. Nilikuwa namgeuzia mgongo. Alidhani namdharau, pengine alidhani nina mtu. Nikamwacha adhani hivyo. Kwangu ilikuwa afadhali nionekane nina dharau kuliko nionekane mgonjwa. Ndiyo maana amekuwa mtu wa maneno machache namna ile. Alikuwa mcheshi, baba yako, huwezi kuamini. Alikuwa anawaigiza watu wa mnadani mpaka tunashika mbavu. Huyo hukumkuta.

Na kuna miezi niliwaza kwamba heri ningelala nisiamke. Sikutaka kufa, nilitaka kupumzika, ila wazo likija halikuelezi ni lipi kati ya hayo mawili. Likikujia wewe, mwambie mtu siku hiyo hiyo, hata kama ni mlinzi wa getini. Usilale nalo. Mimi nililala nalo, na nilipoamka nilikwenda kuwabebesha watoto wa watu ndoo.

Nimefika pale nilipokuwa nazunguka tangu mwanzo. Ungeweza kusema mama hakujua, mama ni wa darasa la saba, alifuata alivyolelewa. Shangazi yako ameshaanza kunitetea hivyo. Mwambie aache. Nilijua. Katika shule nzima ile, kuanzia mkuu mpaka mlinzi, mimi ndiye mtu pekee niliyejua kwa hakika kwamba mwanamke anaweza kuumwa mpaka macho yaone giza na bado akafikisha ndoo jikoni bila kumwaga, kwa sababu ndivyo nilivyofanya kila mwezi tangu utoto wangu. Kipimo kile kilikuwa cha uongo na mimi ndiye niliyekuwa shahidi wake. Waliokuwa wakishindwa njiani walikuwa ni wale waliolelewa kwa upole. Waliofundishwa kujikaza waliifikisha, wakaambiwa hawaumwi. Wewe uliifikisha kwa sababu nilikulea vizuri, tuseme hivyo.

Nilijua, na nikakuita mwongo mbele za watu. Nimejiuliza sana kwa nini, na jibu nililonalo si zuri. Ningekubali kwamba lako linauma, ningelazimika kukubali kwamba na langu liliuma kweli, miaka yote ile, na kwamba mama yangu angeweza kunisaidia na hakunisaidia. Sikuwa na nguvu za kulibeba hilo. Nikaona rahisi zaidi ubebe wewe.

Kwa hiyo usije ukajivunia kujikaza. Watakusifu kwa hilo, hasa huko kwenye unesi, watasema huyu binti wa Singida ni imara, hajawahi kukosa zamu. Sifa hizo nimezila, zinashibisha siku moja. Akija mbele yako msichana aliyejishika tumbo, usiangalie iwapo ana nguvu za kusimama. Atakuwa nazo. Muulize linamuuma wapi, na ukishamuuliza nyamaza, umsubiri, hata akikutazama usoni kwanza kutafuta ruhusa. Na kabla hujaondoka kesho, pita kwa Leah. Sijui utamwambia nini. Mimi ningekwenda mwenyewe, lakini nilipomsalimia jana alinijibu huku anarudi nyuma.

Sikuombi unisamehe. Mama akimwomba mwanawe msamaha, mtoto hana pa kukatalia, na mimi nimeshakulazimisha vya kutosha. Nakuomba uende na ile karatasi hospitalini wiki ya kwanza, siyo ukipata nafasi. Ukiumwa huko, mwambie mtu atakayekuamini. Usianze na mimi. Huenda ukiniambia ule mdomo wangu wa zamani ukajibu kabla sijauzuia, na wewe ukarudi kwenye "siyo sana" yako. Anza na wengine, uzoee kuaminiwa, kisha siku moja uniambie na mimi.

Nami nianze, ili usiwe peke yako. Baba yako sijamwambia, wala padri. Naandika nimekaa chini, mgongo kwenye ukuta, magoti nimeyakunja mpaka kifuani, karatasi iko juu ya sinia, kwa sababu kwenye kiti siwezi kukaa. Leo ni siku ya pili. Utakaporudi kutoka kwa shangazi yako utanikuta nimesimama, nasonga ugali, na ukiniuliza hali nitakujibu vile vile kama siku zote, maana mdomo bado haujajua. Lakini mkono umeshajifunza kidogo. Nina miaka arobaini na minne, na neno hili sijawahi kumwambia mtu yeyote bila kuongeza kwamba si kitu.

Naumwa, Paska. Inauma sana.

Mama yako